L ya Lurambi, R ya Rosterman

Siku ya kuniaga walinunua kreti moja ya soda na keki, wakapanga viti vya darasani kwa mduara. Nilikaa karibu na mlango, Faith mapajani, miezi saba, meno mawili, akivuta kifungo cha blauzi yangu. Bwana Lubanga, mwenye ofisi yetu ya kuchapa na chuo cha kompyuta kilicho hapo hapo ghorofani, ambaye sote tulimwita Mkubwa, alisimama akashukuru Mungu, akashukuru wafanyakazi, kisha akasema Mama Faith ameamua kustaafu ili alee mtoto. Mimi sikuwa nimeamua kitu. Akanipa bahasha, na kabla sijaifungua akaongeza kichekesho.

"Tutakosa sana L zake na R zake," akasema. "Mama Faith, kabla uende, hebu tusemee: lori la Lurambi limelala barabarani."

Watu wakacheka. Na wewe Everlyne ulicheka, nilikuona. Sikukulaumu, Mkubwa alikuwa amekuangalia.

Bahasha ya namna hiyo hufunguliwa nyumbani. Mimi niliifungua pale pale kwa meno, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika mtoto. Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari sita, na katika mstari wa tatu kulikuwa na neno ambalo kwa Kiswahili ni uzembe. Naachishwa kazi kwa uzembe katika kukagua vifaa kabla ya kubadilisha mfumo wa kompyuta. Yaani mdomoni nimestaafu kulea, kwa karatasi nimefukuzwa kwa uzembe, na soda ni ya bure.

Nikaweka soda chini. Nikamuuliza, "Mkubwa, siku ile kwa simu, ni mdomo wa nani ulisema R?"

"Mama, usituharibie sherehe," akasema. "Kunywa soda."

Hapo ndipo subira yangu iliisha. Nilikuwa nimevumilia mengi kwa miaka sita, lakini hiyo "kunywa soda" ilinishinda. Nilisimama na mtoto, nikasoma barua yote kwa sauti, neno uzembe nikalisoma mara mbili, nikatoka. Keki sikuionja.

Kwa hivyo nimestaafu. Nina miaka ishirini na saba. Wazee wakistaafu hupewa saa ya ukutani na hukaa chini kuandika walivyofanya kazi. Saa sikupewa, lakini kuandika naweza, na ninawaandikia nyinyi mliobaki, hasa wewe Everlyne na wale wawili walioajiriwa mwezi uliopita, kwa sababu najua mambo haya hakuna mtu hapo atawaambia. Na mtaambiwa yangu vingine.

Nilifika ofisi hiyo muda mfupi baada ya uchaguzi ule wa vyama vingi, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sketi moja ya kazini. Nilitoka Shinyalu kwa miguu mpaka barabarani, na viatu nilivibeba mfukoni kwa sababu ya matope, nikavivaa mlangoni. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi yote ilifanywa kwa taipureta na stensili, ile karatasi ya nta unayoitoboa kwa herufi halafu unaizungusha kwenye mashine ya wino kwa mkono mpaka bega linauma.

Aliyenifundisha ni Mama Peris. Alikuwa mchapaji mkuu, mama mzito wa maneno machache, mzaliwa wa Ekero, aliyechapa kwa vidole vyote kumi huku akiangalia dirishani. Siku ya kwanza hakuniambia habari za kasi. Alinipa karatasi ya majina ya wanafunzi nimsomee, yeye achape. Nikasoma jina la kwanza akaacha kuchapa.

"Umesema nini hapo katikati? L ama R?"

Nikarudia. Akasema bado hajajua. Nikarudia tena kwa nguvu, kama kwamba kelele ingesaidia.

"Dada, sikiza," akasema. "Hapa hakuna mdomo wa kuaminika, hata wangu. Ukifika kwa herufi hizo mbili, taja mahali. L ya Lurambi, R ya Rosterman. Basi."

Mimi jina langu ni Loice. Nusu ya ukoo wetu wananiita Roisi nami huitikanga yote mawili. Kwa hivyo sikuona aibu, na mpaka leo sioni. Nikiwa na hasira nasema "ralamika" na mwenye kucheka acheke. Ila kuna tofauti kati ya mtu anayejua mdomo wake na mtu asiyeujua. Anayejua hujiwekea utaratibu. Asiyejua huwekwa kuwa mkubwa wa ofisi.

Utaratibu wenyewe ulitoka kwa kosa. Kabla sijafika, mzee mmoja alichapiwa hati ya kiapo ya shamba. Yeye alikuwa mwana wa Shilaro, hati ikasema mwana wa Shiralo. Akaenda nayo mpaka kwenye baraza la ardhi akarudishwa. Mama Peris alinisimulia kwamba mzee hakufoka. Aliweka hati mezani, akavua kofia, akasema, "Mmenipatia baba mwingine," akangoja. Mama Peris aliirudia kazi yote mwenyewe, na tangu siku hiyo ikawa sheria: jina husomwa herufi kwa herufi, L na R zinatajiwa mahali, na mwenye jina anatia sahihi kwa penseli kwenye nakala ya kwanza. Sijasikia mzee mwingine akipewa baba.

Jambo la pili alilonifundisha ni nakala ya kaboni. Kila karatasi inayotoka mkononi mwako, hata kama ni orodha ya kununua wino, weka kaboni chini na ubaki na nakala. Nilidhani ni tabia ya wazee. Aliondoka kwenda kupumzika kwao nikiwa na mwaka wa tatu, akaniachia kiti chake, mto wake wa kukalia na boksi la kaboni lililojaa nusu.

Baada yake kompyuta zikaja. Zilikuja kumi kwa lori moja, mitumba kutoka ng'ambo, zimefungwa kwa blanketi. Kwa nje zilifanana kama sare za shule. Fundi wetu Wycliffe, aliyesomea ufundi wa umeme Sigalagala, alinipa bisibisi na tochi siku ya kwanza akasema tuzifungue zote. Nikamuuliza kwa nini tufungue kitu kinachowaka vizuri. Akanionyesha: ndani zilikuwa za aina nne. Kadi za skrini tofauti, kadi za mtandao tofauti, na mbili zilikuwa na modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ambayo Wycliffe aliiita modemu mvivu, kwa sababu haina akili yake, inangoja Windows iifikirie. Hapo ndipo nilijifunza kwamba kasha la kompyuta linaweza kukudanganya mchana kweupe, na boksi la kadibodi ndilo linadanganya zaidi. Namba ya kweli iko kwenye chuma chenyewe, imeandikwa ndogo, na mara nyingi imefunikwa na vumbi. Unalifuta kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka.

Wycliffe alipata kazi Kisumu, akaenda. Mimi nikawa mchapaji, mwalimu wa wanafunzi wapya, na mfunguaji wa makasha. Hakuna aliyenitangaza kuwa chochote. Kitu kikizima tu mtu anaita, "Mama Faith," hata kabla Faith hajazaliwa walikuwa wananiita Loice kwa sauti hiyo hiyo.

Faith alizaliwa mwaka huu mwanzoni. Likizo ya uzazi ni miezi miwili, na ukiichukua, ile ya mwaka inapotea, kama kwamba kuzaa ni kutembea Mombasa. Nilirudi kazini kifua kimejaa maziwa. Wifi yangu aliniletea mtoto saa nne na saa nane, nikamnyonyesha kwenye stoo ya karatasi, nimekalia katoni. Mkubwa alipita siku moja akaona, akasema ofisi si kliniki. Niliendelea kunyonyesha. Mtoto hajui saa za ofisi, na mimi sikuwa na mpango wa kumfundisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa tano Mkubwa alirudi kutoka Nairobi na habari mbili. Ya kwanza, kwamba kuna uvumi wakaguzi wa hakimiliki watazunguka miji midogo, na sisi Windows zetu zote zilinakiliwa kutoka diski moja ambayo nayo ilikuwa ya kuazima. Ya pili, kwamba rafiki yake, anayefanya kazi za kompyuta huko, alimwonyesha mfumo unaoitwa Linux, ambao ni bure, unaruhusiwa kuunakili, na hakuna wa kukushika. Sina ugomvi na mfumo huo, niwaambie mapema. Nilikuja kuupenda. Kitu unachokitumia bila kuchungulia dirishani kama mkaguzi anakuja ni kizuri. Lakini kitu cha bure nacho lazima kiingie kwenye chuma ulichonacho, na chuma chetu kilikuwa cha aina nne.

Mkubwa aliniambia niandike orodha ya vifaa vyote, yeye ampe rafiki, rafiki ailinganishe na orodha ya vifaa ambavyo mfumo ule unavitambua. Hiyo alisema vizuri. Hapo hakukosea.

Nilichukua siku tatu. Nilifungua makasha yote kumi, nikasoma kwa tochi, nikaandika. Nilikuwa na disketi moja ya kuwashia ambayo rafiki yake alimpa, na niliiweka kwenye kila kompyuta nisome inachosema: kadi hii nimeiona, hii sijaiona. Zile zilizokataa niliziwekea alama. Modemu mbili za uvivu nikaandika "haitafanya kazi" bila hata kujaribu.

Ikabaki printa. Tulikuwa na printa moja kubwa ya kazi, mpya, iliyonunuliwa kwa fahari na kuwekwa juu ya meza yake peke yake. Mbele yake kulikuwa na namba 450 na herufi moja ndogo mwishoni. Nyinyi mnaijua. Wengi hawaisomi hiyo herufi, wanadhani ni pambo. Kitabu chake cha maelezo kilisema ziko mbili: 450R ina akili yake, ukiipelekea maandishi inajua la kufanya. 450L ni rahisi, na imefanywa rahisi kwa kunyimwa akili, kila ukurasa Windows ndiyo inaupika kwanza. Yetu ilikuwa L. Nilipangusa, nikatazama tena kwa tochi. L.

Sikutosheka na kusoma. Niliwasha kompyuta bila Windows, kwa DOS tupu, ule mfumo wa zamani wa maandishi peke yake, nikatuma mistari miwili ya maandishi kwenye printa. Printa yenye akili ingechapa. Yetu ilipepesa taa ya kijani mara tatu ikanyamaza. Nikarudia kwa kompyuta nyingine, ikanyamaza vile vile. Ndipo nikachapa orodha kwa taipureta, na mstari wa saba nikauandika hivi: Printa 450L. Haikuchapa kwenye DOS. Ulizia kwanza. Kaboni ikiwa chini.

Nikampelekea Mkubwa. Nikamwambia kwa mdomo pia, kwamba printa inanitia wasiwasi, na kwamba hata rafiki akikubali, tubadilishe kompyuta moja kwanza, tuitazame wiki mbili. Akasema ameelewa. Nikamwomba aipeleke orodha kwa faksi ya posta. Akasema faksi ni foleni, atasoma kwa simu.

Alisoma kwa simu akiwa mezani kwake, mimi nikiwa nimesimama mbele yake na faili mkononi, mita moja. Kadi za skrini alizisoma sawa, ni namba tupu. Kadi za mtandao sawa. Akafika mstari wa saba. Akasema, "Printa, foo faifu ziro era."

Era. Era si L na si R. Era ni herufi ambayo haiko. Wa Nairobi akauliza kitu, nadhani aliuliza ni ipi, na Mkubwa akajibu, "Ndiyo, hiyo hiyo, era, vile nimesema."

Nikainama nikamwambia polepole, "Mkubwa, mwambie L ya Lurambi."

Akafunika simu kwa kiganja. "Mama Faith, mimi nimekaa Nairobi miaka kumi na moja. Usinifundishe kusema."

Halafu akaruka maneno niliyoandika mbele ya namba. Hayo hakuyasoma kabisa. Akaenda mstari wa nane.

Baada ya siku chache rafiki alituma diski kwa parseli ya basi, na karatasi ya mkono wake ndani. Kadi hizi sawa, modemu achana nazo, printa 450R sawa. Nilimpelekea Mkubwa karatasi hiyo na kidole changu kikiwa juu ya R. Nikamwonyesha printa yenyewe, ilikuwa hatua sita kutoka mezani kwake. Akaiangalia kwa mbali bila kuinuka, akasema mtaalamu ameshasema, na kwamba mimi nina tabia ya kupinga tangu nilipozaa. Nikamwomba tuache kompyuta moja na mfumo wa zamani. Akakataa, akasema mkaguzi akipata hata moja ni kesi.

Alizifuta zote kumi Ijumaa moja, asubuhi mpaka alasiri. Mfumo mpya uliingia, lazima niseme, uliingia vizuri kuliko nilivyotarajia. Skrini zikawaka, kompyuta zikaonana kwa mtandao, hata panya wakatembea. Mkubwa alipiga makofi. Kisha akatuma ukurasa mmoja kwa printa. Taa ya kijani ikapepesa mara tatu ikanyamaza.

Mezani kulikuwa na mtihani wa majaribio wa shule moja ya sekondari, masomo manane, unatakiwa Jumatatu asubuhi. Diski ya Windows tuliyoazima ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesafiri. Mkubwa alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi, lakini nilifikiria watoto wa watu wameketi darasani wakingoja karatasi, nikaenda stoo nikatoa taipureta na stensili.

Everlyne, ulikuwa nami, hilo huwezi kulikana. Jumamosi na Jumapili nilisoma maswali kwenye skrini, kutoka disketi tulizokuwa tumeyahifadhi, nikayachapa upya kwenye nta. Michoro ya fizikia niliichora kwa mkono, kwa ncha ya kalamu iliyoisha wino. Wewe ulizungusha mashine. Wifi aliniletea Faith akalala kwenye katoni ya karatasi, amefunikwa leso, na vidole vyake vikapata wino. Jumapili hiyo kanisani sikuonekana, mchungaji alituma mtu kuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Jumatatu asubuhi masomo yote manane yalikuwa yamefungwa kwa kamba.

Mwalimu mkuu aliyapokea, akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akauliza kama tumerudi zama za ukoloni. Wino ulikuwa umevuja kwenye ramani ya jiografia, nakubali. Alibeba mtihani wake, na akasema mwaka ujao ataupeleka kwingine. Alisema mbele ya wanafunzi wa chuo, na hilo ndilo lililomchoma Mkubwa, kwamba wanafunzi walisikia.

Mchana huo aliniita. Aliniambia mtaalamu amempigia, amesema 450R inafanya kazi na 450L haifanyi, kwa hivyo aliyekagua hakujua kutofautisha. Nikamwambia nimeandika L. Akasema mimi ndiye nilimsomea, na watu wa kwetu tunajulikana kwa L na R. Yeye mwenyewe ni wa kwetu. Nyumba ya baba yake na ya baba yangu zinatenganishwa na kijito ambacho ng'ombe huvuka bila kulowa magoti. Nikamwambia orodha nilimpa mkononi, imechapwa. Akaifungua droo, akasema haioni. Sikumwambia habari ya kaboni, na nitawaambia ukweli kwa nini: nilitaka nione atafika wapi.

Alifika kwenye soda na keki.

Watu wengi wameniambia niache. Mume wangu aliniambia nitapata kazi nyingine, na mama mkwe akaniambia mtoto akikua nitasahau. Nilikwenda ofisi mbili kuomba kazi, zote mbili waliniambia nirudi na barua ya pale nilipotoka. Niliyokuwa nayo ni ile ya uzembe, nikairudisha mfukoni. Nani ataajiri mchapaji mwenye neno uzembe kwenye mstari wa tatu? Miaka sita sijampa mtu baba mwingine, na sasa mimi ndiye nimepewa jina lisilo langu.

Mambo ya kazi nimalize hapa, msije mkasema niliandika hasira tupu. Ukiambiwa ubadilishe mfumo, fungua kasha. Soma namba kwenye chuma, mpaka herufi ya mwisho. Jaribu kila kifaa kwa disketi kabla hujafuta kitu. Printa ipelekee maandishi ukiwa DOS, ikinyamaza jua ni ile inayofikiriwa na Windows. Badilisha moja, acha nyingine, ngoja. Na mtu akitaka kusoma orodha yako kwa simu mbele yako, mpokonye simu.

Alhamisi iliyopita nilimwachia wifi Faith, nikavaa ile sketi, nikaenda ofisi ya kazi ya wilaya. Karani aliyepokea karatasi zangu alikuwa mpole. Aliniuliza tu kwa nini sikuandika kwa Kiingereza kama wengine. Nikamwambia Kiingereza ndicho kimenifuta, sitaki kukisumbua mara mbili. Akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili. Nakala yangu ndiyo hii.

*

Kwa Afisa wa Kazi,
Kakamega.

KUH: MALALAMIKO JUU YA NENO "UZEMBE" KATIKA BARUA YA KUNIACHISHA KAZI

Mimi ni Loice Muhonja, mkazi wa Shinyalu, mchapaji kwa miaka sita katika ofisi ya Bwana Lubanga, mjini Kakamega. Nimeachishwa kazi kwa barua niliyoiambatisha, inayosema nilifanya uzembe katika kukagua vifaa.

Nilikagua vifaa vyote kwa siku tatu na nikatoa orodha ya maandishi. Nakala ya kaboni ya orodha hiyo nimeiambatisha. Tafadhali tazama mstari wa saba. Herufi ni L, na mbele yake kuna onyo kwamba kifaa hicho kiuliziwe kwanza. Mwajiri aliisoma orodha kwa simu yeye mwenyewe, mimi nikiwepo, na aliyesikiliza aliandika R. Onyo halikusomwa. Mwajiri anasema kosa la herufi ni la mdomo wangu. Mdomo wangu haukuzungumza kwenye simu hiyo.

Siombi kurudishwa kazini. Naomba neno hilo lifutwe, na nipewe cheti cha utumishi kinachosema kazi niliyofanya na miaka niliyoifanya, basi.

Ikiwa Bwana Lubanga atakana, naomba aitwe ofisini kwako siku moja nami nikiwepo. Wewe ukae chumba cha pili na simu. Yeye apewe nakala ya kaboni na akupigie, asome mstari wa saba mara moja, kama alivyosoma siku ile, bila kutaja mahali. Wewe uandike unachosikia. Mimi nitakaa kimya na mtoto. Ukiandika L, nitaondoa malalamiko yangu na nitakubali kwamba mimi ni mzembe.

Wako mwaminifu,

Loice Muhonja (Bi.)